Mtoto kazaliwa miguu yote imeangalia ndani, Dodoma tunaanzia wapi?

Bwawani_Hombolo (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Mbukwenyi kwa Wagogo wenzangu.

Sisi ni wa Hombolo, kazi yangu ni zabibu, na bodaboda kidogo msimu ukiisha. Mke wangu kajifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume, mzima, ananyonya vizuri, sauti anayo. Tatizo ni miguu. Yote miwili imepinda kwa ndani, nyayo zinatazamana, vidole vimeshuka na kisigino kimepanda juu. Ukijaribu kuurudisha kwa mkono hauendi, unagoma njiani na mtoto analia.

Nesi aliyemzalisha alisema hiyo ni miguu kifundo, akaandika kwenye kadi, akasema tumpeleke mjini kwa watu wa mifupa. Hakusema mjini wapi wala lini. Nyumbani sasa kila mtu daktari. Mama mkwe katoka Mpwapwa na chupa ya mafuta ya nyonyo, anamkanda mtoto asubuhi na jioni na anataka tumfunge vijiti. Baba mdogo anasema tusubiri afikishe mwaka, mifupa ikomae ndipo apasuliwe. Jirani ndiyo kabisa, kasema mbele ya mke wangu kwamba alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Tangu siku hiyo mke wangu hamtoi mtoto nje bila kumfunika miguu, hata lile jua la asubuhi hapati.

Naomba kwa anayejua, hasa mliopitia. Tunaanzia wapi hapa Dodoma? Twende sasa au tusubiri? Na huyu mtoto atatembea? Hela ya mauzo ya zabibu ipo kidogo, lakini kama ni kuuza pikipiki, nijue naiuzia kitu gani.

---

dogo_wa_Ipagala

Hongera kwanza mkuu kwa kidume. Pikipiki usiuze hata kidogo kabla hujasikia wenye uzoefu. Kuna mama mmoja humu huwa anaandika habari za viatu vya binti yake, akipita atakusaidia.

---

Kongwa_Ranchi

Hospitali watamkata mishipa huyo mtoto, shauri yako. Huku kwetu Kongwa kuna mzee ananyoosha mifupa, watu wanamfuata mpaka kutoka Gairo. Mtoto mchanga mifupa laini, akikandwa wiki mbili tatu anarudi sawa. Nikutumie namba?

---

MamaKiatu

Baba, hongera, na mkeo mpe pole ya hayo maneno ya jirani. Mama wa viatu ndiye mimi. Binti yangu yuko darasa la pili huku Nkuhungu, anaruka kamba mpaka namfukuza aje kula. Alizaliwa mguu wa kulia uko hivyo hivyo unavyoeleza. Nitaandika kirefu, soma ukiwa na mkeo, na mama mkwe akiwepo msomee pia.

Nendeni sasa. Mtoto mchanga mishipa yake bado inavutika, ndiyo maana wataalamu wanapenda waanze naye wiki za mwanzo kabisa. Ukisubiri mifupa ikomae, itakomaa ikiwa imepinda. Hiyo habari ya kusubiri mwaka ndipo apasuliwe ni matibabu ya zamani, siku hizi operesheni kubwa si pa kuanzia.

Kinachofanyika ni hivi. Mtaalamu anaushika mguu kwa mikono yake na kuusogeza taratibu mpaka pale unapokubali, basi. Hapo hapo anafunga plasta, lile hogo gumu, kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja, karibu na nepi, goti likiwa limekunjwa. Wiki inayofuata plasta inatolewa, mguu unasogezwa tena kidogo, inafungwa nyingine. Wengi wanamaliza kwa plasta nne mpaka sita, wengine wanazidi kidogo. Mtoto aingie ana njaa, umnyonyeshe wakati anafungwa. Wangu alikuwa anasinzia na ziwa mdomoni huku mguu unashughulikiwa.

Kuna jambo halikusemwa mapema, likatutia kiwewe. Ukitazama mguu baada ya plasta ya kwanza, unaona kama umeharibiwa zaidi. Upande wa kidole gumba umeinuliwa, wayo unatazama ndani vilevile au kuzidi. Mume wangu alitaka turudi tukagombane. Tulipofika, fundi wa plasta akamkalisha chini akamwonyesha kwenye mguu wenyewe: umepinda sehemu kadhaa kwa pamoja, na unafunguliwa kwa mpangilio. Kwanza unaondolewa ule mkunjo wa katikati ya wayo, ndiyo maana gumba linainuliwa. Kisha mbele ya mguu inasogezwa nje wiki kwa wiki, kisigino kinafuata chenyewe bila kushikwa. Vidole kuelekea chini ndiyo inashughulikiwa mwisho kabisa. Ukivuruga mpangilio huo mguu unaweza kuvunjikia katikati, ukaonekana umenyooka na kumbe kisigino bado kiko juu. Kwa hiyo baba, vijiti hapana. Kumkanda peke yake hakutanyoosha miguu inayogoma, kutawapotezea wiki.

Ndugu wa Kongwa anasema watamkata mishipa. Ndiyo, watamkata mmoja, ile kano ya nyuma ya kisigino, si mshipa wa damu, na si watoto wote ila wengi. Anachomwa ganzi, anatobolewa kitundu ambacho hata hakishonwi, dakika chache mtoto yuko kifuani kwa mama. Halafu inafungwa plasta ya mwisho inayokaa wiki tatu, na mshipa unaota tena ukiwa mrefu kuliko mwanzo. Nililia mimi kuliko yeye.

Sasa ya nyumbani, ambayo madaktari wanaume hawayakumbuki. Plasta isilowe. Mtoto anafutwa kwa kitambaa, haingii kwenye beseni. Pampasi ivalishwe ndogo, ukingo wake uingie juu ya plasta usiwe chini yake, la sivyo mkojo unateremka ndani na harufu yake utaijua. Mgongoni na kanga hakai vizuri, mbebe mbele. Vidole vitazame kila unapombadilisha: viwe vya moto, na ukikibonyeza kidole kinakuwa cheupe halafu damu inarudi mara moja. Vikiwa vya bluu, vimevimba au vya baridi, usingoje siku ya kliniki. Na ukiona leo vidole vimezama ndani, jana vilikuwa nje, plasta imeteleza na mguu unarudi ulikotoka, mrudishe.

Chanjo ya wiki sita itawakuta mko kwenye plasta, na sindano zake ni za paja. Nesi wetu alizunguka akatafuta pa kuchoma. Mkiweza, pangeni na kliniki zote mbili achanjwe siku plasta imetoka kabla mpya haijafungwa. Pia plasta ina uzito, na kwenye mizani mtoto anaonekana kanenepa ghafla. Mwombeni nesi aandike kwenye kadi kwamba alipimwa na plasta, maana ikitoka mtaambiwa mtoto kapungua na mtaanza kuulizwa mnamlisha nini.

Haya, viatu. Nilichokuja kusema hasa ni hiki.

Plasta ya mwisho ikitoka, mguu utauona mzuri, umenyooka, tena umeelekea nje kama wa bata. Usishtuke, wameupitiliza makusudi, akianza kutembea unakaa sawa. Hapo nyumba nzima itashangilia, na hapo hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu mguu huu hausahau. Siku hiyo hiyo anavalishwa viatu viwili vilivyoungwa na chuma katikati, upana wa mabega yake. Miezi mitatu ya mwanzo anavaa saa 23 kwa siku, unamvua saa moja tu ya kumwosha na kumnyoosha. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, mpaka afike miaka minne au mitano. Ndiyo, miaka. Rudia kumsomea mama mkwe hapo.

Usiku wa kwanza na wa pili atalia. Kila anayelala nyumba hiyo atakwambia mvue mtoto apumzike. Ukimvua akilia, amejifunza kwamba akilia anavuliwa, na umeshaingia vita usiyoiweza. Tulimchezesha miguu yote miwili pamoja, kukunja na kunyoosha, mpaka akaelewa kwamba inaenda pamoja. Wiki haikuisha akawa anapiga chuma kwenye kitanda kwa furaha, nikakizungushia kitambaa kwa sababu kilimpiga kaka yake mdomoni na kuchana chandarua.

Soksi za pamba, zisiwe za nailoni, na hasa Oktoba na Novemba ambapo Dodoma hii inaoka. Kisigino lazima kishuke mpaka chini ndani ya kiatu. Vya kwetu vilikuwa na tundu nyuma la kuchungulia. Ukiona malengelenge, mara nyingi kiatu kimelegea na mguu unacheza ndani, kwa hiyo unakaza, hulegezi. Wekundu usiupake mafuta wala losheni, ngozi inalainika na kuchubuka zaidi. Hapa ndipo nilipopambana na mama yangu mzazi, mwanamke anayeamini Vaselini inatibu mpaka mkosi.

Na watu watasema. Kwenye daladala za Sabasaba nimeulizwa kama mtoto kafanya kosa gani. Shemeji yangu alisema namtesa mwana. Mguu ukiwa umeshapona hakuna anayeona sababu ya chuma, unabaki wewe na mumeo usiku kubishana nani aamke amvalishe. Kwa hiyo kabla hamjafika hospitali, wewe na mkeo kubalianeni. Kwetu mume wangu ndiye alikuwa wa kuvalisha, mimi wa kukagua. Mpaka leo kufunga kamba za viatu hanifikii.

Pikipiki iache. Utaihitaji kwenda na kurudi kila wiki.

---

FundiMajengo

Nimesoma hii nikiwa bandani, nimeacha kiatu cha mtu.

Mimi sikufungwa plasta. Nimezaliwa Bahi huko ndani, mwaka 1979, miguu yote kama ya mwanao. Wakati ule hakukuwa na wa kumuuliza. Nilitembea, mkuu, kwa hiyo hilo la kutembea lisikunyime usingizi. Natembelea ubavu wa nje wa mguu, ngozi ya hapo imekuwa sugu, mwiba wa mgunga hauingii. Viatu vya dukani havinikai, ndiyo sababu nilijifunza kushona, nikajishonea vya kwangu, na sasa nashonea wengine. Nina mke, nina watoto wanne, wote nyayo zao ziko chini.

Ila nisikudanganye. Shule ilikuwa mbali na wakati wa masika mkorongo ule haukuwa wa miguu hii, darasa la tano nikaishia hapo. Ujana nilibeba magunia bila shida, lakini sasa magoti na kiuno vinanidai. Kusimama foleni ya benki saa nzima siwezi. Hayo yote mwanao anaweza kuyaruka kwa hizo plasta chache.

Jirani yako mlete bandani kwangu anieleze mama yangu alimcheka nani.

MamaKiatu, hivyo viatu vya chuma vinashonwa wapi? Kwa maelezo yako, ile kazi naiweza.

---

Kongwa_Ranchi

Mimi sipingi hospitali, nasema nilichokiona. Mtoto wa dada yangu alifungwa hayo mahogo Dar, miguu ikanyooka kabisa, tukafanya na sherehe. Alipofika miaka miwili na nusu imerudi ndani. Sasa faida iko wapi?

---

MamaKiatu

Kaka, pole. Viatu alivaa mpaka lini?

---

Kongwa_Ranchi

Alivaa mpaka alipoanza kutembea. Tukaona anatembea vizuri, tukampa mdogo wake achezee kile chuma.

---

Plasta_Tu

Natoka kwenye kitengo cha viungo, hospitali moja hapa Kanda ya Kati, kazi yangu ni plasta na mazoezi. MamaKiatu kaeleza vizuri kuliko mabango yetu ya ukutani, nitajaza palipobaki.

Kongwa_Ranchi, kwanza huyo mtoto. Arudishwe kliniki, hajachelewa. Ikirudi mara nyingi tunaanza tena plasta chache, mguu unakubali, na wengine wakiwa wakubwa kidogo huhitaji kuhamishiwa mshipa mmoja wa mbele ya mguu. Kuacha viatu mapema ndiyo sababu tunayokutana nayo kuliko nyingine zote. Mwambie dada yako asije akijiandaa kugombezwa, aje tu. Hata mtoto ambaye hajatibiwa kabisa na ameshaanza kutembea, plasta zinafanya kazi, ila zinakuwa nyingi na safari inakuwa ndefu.

Bwawani, kwa maelezo yako kwamba mguu unagoma ukiusogeza, hicho kinaonekana ni kifundo chenyewe. Wapo watoto ambao mguu umejikunja tu kwa kubanwa tumboni, ukiusukuma kwa kidole unakaa sawa, hao hunyooka kwa mazoezi mepesi. Lakini asiamue mtu kwa picha ya simu. Atakapofika lazima avuliwe nguo zote, atazamwe mgongo, nyonga na mikono, kwa sababu mara chache kifundo kinaambatana na mgongo wazi au viungo vilivyokakamaa, na hapo matibabu yanabadilika. Wengi hawana kingine chochote.

Kuhusu sababu, mwambie mkeo hivi: kwa watoto wengi haijulikani moja kwa moja kwa nini, ila urithi una mchango wake, na inatokea kila taifa duniani, takribani mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili kama wa kwenu. Hakuna alichokula, alichobeba wala alichokicheka. Kama ataona aibu kumtoa mtoto nje, siku ya kliniki itamsaidia kuliko maneno yangu, kwa sababu atakuta benchi zima la akina mama na plasta mapajani.

Pa kuanzia: rudi kituo mlichojifungulia mwandikiwe rufaa, kisha njooni mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoita General, au Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Ulizeni mifupa au fiziotherapia, na swali la kwanza liwe siku ya kliniki ya miguu kifundo, maana mara nyingi ina siku yake na ukija siku nyingine unazungushwa. Piga simu kabla ya kutoka Hombolo kama unaweza. Ikitokea mmekwama kabisa, Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT Msasani na MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kazi hii wameifanya miaka mingi, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 safari si ile ya kulala njiani. Lakini plasta ni za kila wiki, kwa hiyo za karibu na nyumbani ndizo mtakazozimaliza.

Hela: kwa sera, mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo hospitali za serikali. Plasta na viatu uliza mapema kabisa, siku ya kwanza, ujue vipo au utanunua. Usisubiri kuambiwa kwenye dirisha la dawa.

Kutoa plasta: kliniki nyingine zitakwambia uje umeshailowesha nyumbani iwe laini. Fuata hivyo, lakini usiivue usiku wa jana yake. Mguu ukilala wazi unaanza kurudi, na kazi ya wiki inaliwa. Ilowekwe asubuhi ya safari, au uzungushie kitambaa kibichi na nailoni juu, ukifika iwe imeshalegea.

FundiMajengo, swali zuri. Aina moja ya viatu hivi, vinavyoitwa Steenbeek, vilibuniwa Uganda kwa makusudi hayo hayo, vishonwe na mafundi wa hapa Afrika Mashariki kwa ngozi, chuma na mashine za kawaida. Wewe ngozi huna haja ya kufundishwa. Kazi ngumu ni chuma: mguu wenye kifundo unafungwa ukiwa umegeuka nje nyuzi 60 hadi 70, na kama mguu mwingine ni mzima huo unawekwa nyuzi 30 hadi 40, na chuma chenyewe kinapindwa kidogo ili vidole vipande juu. Ukikosea pembe, mtoto anavaa miaka minne bila faida. Njoo kliniki uangalie, tutaongea.

Njia yenyewe ya hizi plasta ni ya daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na aliianza miaka ya 1940 ikielekea mwisho. Wenzake walipenda kisu, naye akaendelea na plasta zake, ikachukua miongo mpaka dunia imsikilize. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1914, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Miguu Kifundo Duniani. Mwaka huu tuliiadhimisha kwa soda na biskuti, bajeti ndiyo hiyo.

---

Bwawani_Hombolo

Wakuu nimesoma yote, nimemsomea mke wangu mara mbili. Mama mkwe naye kasikiliza, kanyamaza, ameingia ndani. Sijui ni kukubali au ni kununa.

FundiMajengo, mke wangu anasema shikamoo, na siku tukija mjini tutapita bandani.

Naomba kuuliza mawili. Moja, mvua zikianza huku kwetu njia ya shamba inakata, na kila wiki kuna siku ya kwenda mjini. Mtu anafanyaje? Pili, mimi shambani siwezi kutoka kila wiki wakati wa kukata zabibu. Akienda mama peke yake wanampokea?

---

MamaKiatu

Wanampokea, baba, tena wengi ni akina mama peke yao. Lakini siku mbili uwepo: siku ya kwanza na siku ya kupewa viatu. Siku ya viatu wataonyesha namna ya kuvalisha, na anayejua mmoja tu nyumbani, siku akiugua mtoto analala bila viatu. Mama mkwe naye aende siku moja. Simaanishi akafundishwe, aende amshike mtoto wakati anafungwa. Mama yangu aliacha maneno ya Vaselini siku aliyoona mwenyewe mguu unavyosogea mikononi mwa fundi.

Mvua: sisi kulikuwa na dada kutoka Chipanga, mto ukijaa havuki. Aliomba kwa shangazi yake Chang'ombe akakaa mpaka plasta zikaisha. Mkiwa na ndugu mjini, mke na mtoto wahamie huko kwa kipindi cha plasta tu. Ni mwezi na nusu, miwili hivi na ile plasta ya mwisho. Viatu vikishapatikana mnarudi Hombolo, kliniki zinakuwa za kuachana siku nyingi. Na kwenye pikipiki mvua ikiwakuta, funga plasta na mfuko wa nailoni, ukifika toa haraka, jasho nalo linalowesha.

---

Plasta_Tu

Hilo la kuhamia kwa ndugu ndilo ninalowashauri wote wa mbali. Na usipofika wiki moja kwa dharura, piga simu, usione aibu ukaacha moja kwa moja. Tunampoteza mtoto kwa namna hiyo: mama kakosa kliniki moja, anaogopa kusemwa, anakosa ya pili, plasta inatolewa nyumbani kwa kisu cha jikoni.

---

Bwawani_Hombolo

Shemeji yangu yupo Kisasa, nimempigia sasa hivi, kasema waje hata kesho. Rufaa nachukua Jumatatu asubuhi kituoni. Asanteni sana wakuu, nitaleta mrejesho.

---

Kongwa_Ranchi

Plasta_Tu, dada yangu yuko Kibaigwa. Anakuja na kadi ya zamani ya Dar au anaanza upya?

---

Plasta_Tu

Aje nayo, na kama kile chuma bado kipo aje nacho pia hata kama kimekuwa kidogo, tuone kilivyokuwa kimefungwa.

---

dogo_wa_Ipagala

Samahani kuchepusha uzi. Mpwa wangu wa mwaka na nusu ana matege, ukimsimamisha magoti hayakutani. Naye wamletee plasta?

---

Plasta_Tu

Hapana, hiyo ni habari nyingine kabisa, nyayo zake ziko sawa. Watoto wengi wa umri huo wana matege na yanapungua yenyewe wakikaribia miaka miwili. Mlete kama amepita hapo na bado yanazidi, kama ni mguu mmoja tu umepinda, au kama kifundo cha mkono kimevimba na meno yanachelewa, tumwangalie madini ya mifupa. Na akae juani asubuhi.